Goti la Kushoto

Kitu cha kwanza alichokiona fundi kilikuwa goti. Si goti la mtu, goti la nguo. Upande wa kulia wa ile suti ya ngozi, plastiki ngumu ya gotini ilikuwa imelika mpaka ikawa nyembamba kama ukucha. Ya kushoto ilikuwa nzima, inang'aa, kama imetoka dukani asubuhi hiyo.

Ilikuwa Jumamosi, na ujia wa mafundi cherehani ulifurika watu. Mwenye suti alipenya katikati yao akiwa ameibeba begani kama mtu anayepeleka mgonjwa kwa daktari. Alikuwa kijana mrefu mwenye fulana nyeusi, jinzi iliyopauka na kovu dogo kidevuni.

"Mafundi wote wameikataa," alisema. "Wanadai ngozi itawavunjia sindano. Wa mwisho kaniambia nijaribu kwa binti asiyeongea."

Shangazi yake fundi, mwenye duka, alicheka bila kuinua uso kwenye kitambaa alichokuwa akikikata. "Basi umefika. Ndiye huyo. Ukimtoa maneno matatu, rudi nikununulie soda."

Fundi aliigeuza suti, akapapasa mahali ilipopasuka ubavuni. "Jumanne," alisema.

"Hilo moja," kijana akamwambia shangazi, naye fundi akainama haraka juu ya cherehani ili asionekane akitabasamu.

Mjini kote kijana huyo aliitwa Kobe. Mama yake ndiye aliyemwita hivyo, kwa kuwa alichelewa kutembea, na sasa uwanja mzima ulilipigia kelele jina hilo kila alipopita kwa kasi ambayo mbwa hana hata muda wa kubweka. Mashindano ya pikipiki ndiyo yalikuwa kazi yake, ya mshahara na mkataba. Watu hawakumwelewa. Wakisikia anaishi kwa pikipiki, walimuuliza anatoza kiasi gani mpaka hospitali.

"Hospitali huwa najipeleka mwenyewe, bure," aliwajibu.

Tangu Jumanne ile, nguo za Kobe zilianza kupasuka kwa namna ya ajabu. Leo glavu, kesho zipu, keshokutwa ile ile glavu.

"Huyu glavu anazitafuna?" shangazi aliuliza.

Zikaja simu. Kobe alizungumza, fundi akasikiliza, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega huku mguu ukikanyaga cherehani.

"Upo?"

"Nipo."

"Unashona nini?"

"Suruali."

"Ya mwanamume? Nione wivu?"

"Ya mwalimu mkuu. Ana tumbo."

"Tumbo si hoja. Wapo wanaopenda matumbo."

"Mimi sipendi."

"Leo unaongea, mpenzi. Unanizoea."

Jioni moja, wamekaa juu ya ukuta mfupi nyuma ya duka, Kobe alimshika mkono wenye vidole vilivyojaa alama za sindano. "Unajua nimekupendea nini? Mama ananiambia niende polepole. Kinyozi ananiambia niende polepole. Mwenye nyumba wangu, ambaye hanipendi hata kidogo, naye ananiambia niende polepole. Wewe peke yako hujawahi."

Fundi alinyamaza. Kobe aliuona ujasiri katika kimya kile, akampenda zaidi. Hakujua kwamba neno lenyewe, polepole, lilikuwa limemkaa kooni kama punje ya wali, halishuki wala halitoki.

"Goti la kushoto," fundi alisema baadaye.

Kobe aliacha kucheka. "Umeliona." Akajipapasa goti. "Mwaka juzi nilianguka kwenye kona ya mwisho, inayokata kushoto. Ukitaka kupita kona kwa kasi, unalaza pikipiki mpaka goti liguse lami. Tangu siku ile, nikifika kona yoyote ya kushoto mwili unagoma kulala upande huo. Hapo ndipo wenzangu wananipita. Alijua makanika wangu tu. Sasa na wewe."

Alimwambia kama mtu anayemkabidhi mwenzake ufunguo wa nyumba. Fundi akaupokea, na akautumia vibaya.

Suti iliporudi kwake kabla ya shindano kubwa, aliomba mabaki ya sponji kwa jirani yao, fundi makochi. Aliikata vipande, akavitia kati ya ngozi na bitana, upande wa kushoto peke yake: pajani, nyongani na nyuma ya goti. Akapitisha nyuzi mara mbili. Hakumwambia mtu. Alichoshindwa kukisema kwa kinywa alikisema kwa sindano.

Jumapili hakwenda uwanjani. Hakuwahi kwenda. Alibaki dukani, simu kifudifudi, akishona pindo ambalo halikuhitaji kushonwa.

Kwenye kona ya mwisho Kobe aliamua, safari hii, kulaza. Akautoa mwili kitini, akashusha goti, na suti ikakataa. Sponji ilijikunja ikawa fundo, mguu ukakwama kwenye tangi, pikipiki ikayumba na kutoka nje ya njia mpaka kwenye changarawe. Hakuanguka, na hata yeye hakujua kwa nini hakuanguka. Alimaliza wa nane.

Makanika wake, mzee mnene aliyeitwa Spana, alichana mshono kwa wembe. Kitu cha manjano kikachomoza.

Simu ililia.

"Upo?" Sauti ya Kobe haikuwa na mzaha.

"Nipo."

"Umenivalisha kochi."

Fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Spana hapa anacheka mpaka analia. Mimi sicheki. Ulitaka nini?"

"Usiumie."

"Nusura uniue, fundi. Nguo ile ndiyo ngozi yangu ya pili, ikikataa kukunjika mimi ni gunia tu juu ya pikipiki." Akavuta pumzi. "Kuogopa si kosa. Ungeniambia unaogopa, tungeogopa wote. Lakini umeogopa kwa siri, halafu woga wako ukanivika mimi. Nilidhani kuna mtu mmoja duniani asiyenivuta shati."

"Kobe..."

Alikuwa ameshakata.

Siku zikapita bila glavu hata moja kupasuka. Habari zilifika sokoni kabla ya gazeti: meneja wa timu amempa Kobe shindano moja tu, la kufunga mwaka. Akikosa kuwa miongoni mwa watatu wa kwanza, pikipiki anapewa mwingine.

"Bora," shangazi alisema, mkasi ukitembea. "Mume wa mbio ni mume wa kuazima. Wenyewe wakimtaka, wanamchukua barabarani, wewe unabaki na kofia. Nimekulea nikuone mjane?"

Kwa miaka yote fundi aliinama maneno kama hayo yalipopita juu ya kichwa chake, kama mtu anayepisha tawi. Safari hii hakuinama.

"Marehemu mumeo aliendesha nini, shangazi?"

Mkasi ukasimama. "Hakuendesha kitu. Unajua."

"Alifia wapi?"

"Kwenye kiti. Anasoma gazeti."

"Kiti kipi?"

Shangazi alitazama kile alichokalia, kisha akamtazama binti wa kaka yake kana kwamba meza ndiyo iliyosema. Fundi alikuwa tayari anakusanya sindano, uzi na kipande cha mpira unaovutika.

"Unakwenda wapi?"

"Kutoa kochi kwenye nguo ya mtu."

Gereji ya timu ilikuwa nyuma ya uwanja, ina harufu ya petroli na mpira ulioungua. Spana alimzuia mlangoni. "Mwanangu, Kobe hataki kukuona."

"Sikuja kwa Kobe. Nimekuja kwa suti."

Mzee alimpisha. Fundi alifumua kila mshono alioushona kwa woga. Badala ya sponji akaweka mikunjo ya mpira nyongani na nyuma ya goti, ili ngozi ifuate mguu. Lakini nguo ya mbio haipimwi mtu akiwa amesimama. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza: hakuwahi kumwona Kobe juu ya pikipiki. Kwa hiyo alimpandisha Spana, mguu mmoja ndani ya suti, tumbo limelala juu ya tangi, akaanza kubana pini.

Kobe aliwakuta hivyo.

"Mzee, toka kwenye nguo yangu."

"Natamani," Spana alisema. "Nimekwama."

Walimvuta wote wawili. Hakuna aliyecheka, ingawa ilikuwa shida kutocheka. Kisha Kobe akavaa suti, akapanda, akainama mbele, na fundi akapiga magoti kando yake, pini mdomoni.

"Kunja," alisema kupitia pini.

Kobe alikunja mguu. "Shusha zaidi," fundi akasema. Akashusha.

"Inabana?"

"Haibani." Akamtazama utosini. "Kuna kochi?"

"Hakuna."

"Hata mto mdogo?"

"Hata kitambaa cha pua."

Kobe akasema taratibu, "Kesho utakaa dukani?"

Fundi alitoa pini ya mwisho mdomoni. "Nitasimama kwenye kona."

Alivaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe, mikono mirefu, vifungo vyeupe, na kilemba cha rangi ile ile. Alisimama kwenye uzio wa kona ya mwisho, mahali ambapo watazamaji husimama wakisubiri mtu aanguke.

Kila mzunguko Kobe alipita akiwa wa sita, goti limekaa juu, na kila mzunguko fundi alishika waya wa uzio mpaka ukamchora viganja. Mzunguko wa mwisho alimwona akija, mweusi, mdogo, anakua. Mwili ukatoka kitini. Goti la kushoto likashuka, likaendelea kushuka, na fundi akasikia sauti aliyoijua kuliko watu wote pale: sauti ya kitambaa kipya kinachochanwa kwa mkono mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Goti lilikuwa limegusa lami.

Kobe aliwapita wawili humo ndani ya kona. Alimkosa wa tatu kwa upana wa tairi.

Meneja hakusubiri hata injini ipoe. Pikipiki iliondolewa, na Kobe akabaki amekaa juu ya tairi kuukuu, kofia mapajani, jasho likimchuruzika. Fundi alipofika, Kobe alinyoosha mguu wa kushoto tu, amwonyeshe. Plastiki ilikuwa imekwaruzika, nyeupe, bado ina joto.

"Wa nne," Kobe alisema. "Sina timu."

"Mimi nina pikipiki moja kwangu, ya zamani," Spana alisema akipangusa mikono. "Ina kutu. Lakini haina meneja."

Simu ya fundi ililia. Sauti ya shangazi ilitoka kubwa, wote wakaisikia.

"Ni mzima?"

"Mzima, shangazi."

"Mungu ashukuriwe. Na wamemtoa, nimesikia. Basi ndio mwisho, mwambie. Atafute kazi ya watu."

Kobe alitazama chini. Fundi alimtazama yeye.

"Si mwisho, shangazi. Mwakani anarudi na pikipiki ya kutu. Mimi nitakuwa mke wake kama atanitaka, na suti nitashona mimi, si mwingine."

Mkasi ulisikika ukiwekwa mezani.

"Hayo ni maneno mangapi?" shangazi aliuliza hatimaye, sauti imelegea.

"Mengi. Mnunulie soda yake."

Alikata. Kobe alikuwa amesimama, kofia imemwangukia miguuni.

"Mke wa nani?"

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka tena, laazizi. Nimekungoja mwaka mzima uongee."

Fundi aliinama, akaokota kofia, akaipangusa vumbi kwa mkono wa gauni lake jipya. Halafu akaiweka mikononi mwa Kobe, na lile neno lililomkaa kooni likatoka likiwa neno jingine kabisa.

"Naogopa," alisema. "Nitaogopa kila Jumapili. Nenda kasi."