Pamba Kwenye Mkono wa Mama Mkwe

Mama mkwe aliipua sufuria kwa mikono mitupu, akaitua mezani taratibu, akauliza sukari iko wapi.

"Mama, umeungua!" alimaka mke wa mwanawe.

"Nani? Mimi?" Akakitazama kiganja chenye malengelenge kama mali ya jirani.

Mkwe huyo, daktari wa ngozi, alimpandisha mkono wa gauni. Karibu na kiwiko kulikuwa na doa lililopauka, kavu, lisilo na hata unywele mmoja. Choa kingekuwa na ukingo ulioinuka, na kingewasha. Upele ungejificha katikati ya vidole na kumnyima mtu usingizi. Hili halikuwasha, halikuuma, halikudai chochote. Ukoma, alijiambia, bila mshtuko. Unatibika ukiwahiwa. Ukichelewa, vidole vya mama huyu, vilivyoilisha nyumba kwa kushona, havitaijua sindano tena.

"Hilo ni jini," alinong'ona wifi yake, akiwa amesimama mlangoni.

"Wifi, jini gani huyo anayevaliwa mkononi kama saa?"

Akamwambia mama mkwe afumbe macho, akachomoa unyuzi wa pamba, kama afanyavyo kliniki: nikikugusa, nionyeshe wapi. Akagusa bega.

"Hapo."

Akagusa doa. Kimya. Ndivyo alivyotarajia. Akaiweka pamba mezani.

"Hapo," alisema mama mkwe.

Hakuna aliyekuwa amemgusa.

"Na hapo. Mwanangu, punguza kucha, unanikwaruza."

Jiko lilianza kunuka nywele zilizoungua, na kwenye ngozi ile mistari myeupe ikaanza kujichora yenyewe, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye doa kupanda begani na kushuka kifuani, polepole, kama mkono wa mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi, huku mama mkwe akitabasamu macho amefumba, wifi akiuma kanga ili asipige kelele, na daktari amesimama palepale akisubiri kuogopa, na woga usimfikie.

"Mwite huyo mganga wenu," alisema hatimaye.

Mganga alikuja mchana uleule, mtu wa maneno machache. Akaliinamia doa.

"Hili ni lako, daktari. Mpe vidonge. Huyu anayekwaruza ndiye wangu."

Akakibana kiganja kilichoungua katikati ya mikono yake, akanena chinichini, akapuliza. Mama mkwe akatoa ukelele uliotikisa vikombe.

"Kinauma! Jamani, kiganja kinauma!"

Akalia, akacheka, akakipulizia kiganja, akalia tena. Harufu ikakatika. Wifi akamrukia daktari kwa furaha, akamkamata mikono yote miwili na kuitikisa, kucha zikizama kwenye nyama.

Daktari aliviinamia vidole vya wifi vilivyombana mikono, akavitazama.

"Wifi," aliuliza taratibu, "umenishika?"