Mtandio wa Mama

Kila jioni Chiriku na mama yake walipanda ngazi hadi chumba chao cha ghorofa ya nne. Jina hilo la utani msichana alilistahili, maana hakunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. Siku hizi, wakifika ghorofa ya pili, Mama alisimama kufunga upya mtandio ambao wala haukuwa umefunguka. Chiriku alimwona akihema.

"Ole wako umwambie mtu!" Mama alimwonya. Alikuwa fundi rangi, na aliogopa kukatazwa kupanda ngazi za kazini.

Mama na kaka yake walikuwa na tatizo moja: vali za mioyo yao, vilango vya kupitishia damu, zilivuja, damu ikarudi nyuma kila moyo ulipopiga. Siku ya kupimwa, Chiriku aliwasindikiza hospitali. Dada mpimaji alipitisha kifaa kifuani pa Mama taratibu, na moyo ukaonekana kwenye skrini ukidunda. Lo! Chiriku alisahau hata kuongea.

Daktari, mama wa makamo, aliwaita wote watatu. "Damu inayovuja ni kiasi kilekile kwenu ninyi ndugu wawili. Bado si cha kutisha."

"Tumezaliwa tumbo moja, tunagawana hadi ugonjwa!" alicheka Mjomba, pande la mtu.

"Kuna anayekosa pumzi?"

"Wala," Mama alijibu haraka.

Chiriku alijizuia, akashindwa. Alimpenda mama yake kuliko alivyoogopa kuchapwa.

"Anakosa pumzi, Daktari! Kila jioni anajidai kufunga mtandio ngazini!"

Mama alimkata jicho. Daktari alizitazama picha tena kwa makini, kisha akamwita mpimaji.

"Tupime upya. Safari hii tulinganishe na ukubwa wa moyo wa kila mmoja."

Dada yule alirudia kazi yote bila kunung'unika. Chiriku alitamani siku moja awe na mikono mitulivu kama ile.

Majibu yalipotoka, Daktari alisema, "Mwaga kijiko cha maji kutoka kwenye ndoo, nani atajua? Kimwage kutoka kwenye kikombe kidogo, utaona. Moyo wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo kuliko wa mwanamume, na viwango tulivyozoea vilitokana zaidi na wanaume. Mama, moyo wako umeanza kutanuka. Tuitengeneze vali mapema, kabla moyo haujachoka."

"Na kazi yangu?" Mama aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Ukipona, utapanda ngazi mpaka zikukimbie. Mshukuru binti yako. Mashine yangu haioni ngazi za kwenu."

Vali ya Mama ilitengenezwa, miezi ikapita. Jioni moja Mama, akiwa mzima wa afya, aliipita ghorofa ya pili bila kuugusa mtandio. Alipofika juu aligeuka. Mjomba, aliyekuja kuwatembelea, alikuwa ameinama kule chini, akihema.

"Nafunga kamba za viatu!" alipaza sauti.

"Mjomba, umevaa ndala!" Chiriku akasema.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akawa makini.

"Kaka, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho tunarudi kwa daktari." Akamvuta binti yake karibu. "Na wewe, mwanangu, kumsemea mtu ili apone si umbeya. Kesho utatusindikiza, na usinyamaze."