Suruali Zisizobana

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na dirisha. Kutoka hapo naona ngazi za jengo letu, na hakuna anayepanda wala kushuka nisimwone. Watu huniita Mama Mapacha, kwa sababu nina mabinti wawili pacha. Mume wangu ni Baba Mapacha. Kazi yake ni kusafisha na kutengeneza matangi ya maji, yale makubwa yanayokaa juu ya majengo.

Kosa langu nalisema mapema, usije ukasema nimekuficha. Kwa miaka tisa nilikuwa nampanulia mume wangu suruali bila yeye kujua.

Ilianza siku nilipokuwa nafua. Niliona kifungo cha suruali yake kimeanza kulegea kwa kuvutwa. Mke mwingine angesema, "Bwana, unanenepa." Mimi nilikaa kwenye cherehani. Nikafumua mshono wa nyuma, nikaachia nusu inchi, nikashona tena na kupiga pasi. Kesho yake aliivaa, akaenda kazini anapiga mluzi.

Mwaka uliofuata niliachia inchi nzima. Kitambaa cha ndani kilipokwisha, nikawa natia kipande pembeni, chini ya mkanda. Mwanamume gani anakagua mishono ya pembeni? Wangu hakuwahi.

Utaniuliza kwa nini. Ukweli usemwe, nilikuwa najivuna. Shangazi yake akija kututembelea, alikuwa akimtazama juu mpaka chini na kusema, "Mwanetu amenawiri. Mkwe, unajua kutunza." Basi kichwa kinanivimba siku nzima. Nilikuwa namwongezea wali hata kabla sahani haijaisha. Akisema ameshiba, nanuna. Hakuna anayependa kula na mtu aliyenuna, kwa hiyo alikula.

Sasa nisikilize. Asubuhi moja, saa nne hivi, simu ililia. Alikuwa dada mmoja anayefanya kazi na mume wangu.

"Mama Mapacha, usishtuke," akasema. "Mzee amekwama."

"Amekwama wapi?"

"Kwenye mlango wa tangi. Miguu imeingia. Kichwa na mikono viko nje. Tumbo ndilo limekataa."

"Anapumua?"

"Anapumua kwa shida. Tumeagiza sabuni."

Mlango wa tangi uko juu, nao ni tundu la duara. Fundi hutanguliza miguu, kisha hujishusha polepole. Mume wangu alikuwa amejishusha hadi tumboni, akakwama, hapandi wala hashuki. Walimmwagia sabuni ya kuoshea vyombo kiunoni, wakamvuta watu wanne. Ilichukua saa nzima. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Msimamizi wake hakucheka. Alimwambia, "Mzee, leo umenitisha. Kuanzia kesho utakaa stoo, ugawe vifaa. Nakupa mpaka mwisho wa mwaka. Ukiweza kuingia kwenye tangi bila shida, utarudi kazini kwako. Usipoweza, utabaki stoo."

Mume wangu amefanya kazi ya matangi miaka ishirini. Anaijua kama mimi ninavyoijua cherehani yangu. Kukaa stoo kulimuuma kuliko ile michubuko ya mbavuni.

Jioni alikuja jirani yetu wa mlango wa pili. Yeye ni nesi wa zahanati, na sote tunamwita Nesi. Alimsafisha michubuko. Kisha akatoa kipimo cha presha kwenye mkoba wake, akampima mara mbili.

"Shemeji, presha yako iko juu," akasema. "Kesho njoo zahanati tupime na sukari. Na uzito pia tuuangalie."

"Uzito gani?" mume wangu akasema. "Nesi, shida ni matangi ya siku hizi. Wanabana matundu. Mimi sijabadilika. Tazama suruali hii. Niliinunua pacha wakiwa wanajifunza kutembea. Leo wana miaka kumi, na bado inanienea."

Nesi akanitupia jicho. Mimi nikajitia natafuta sindano.

"Mama Mapacha," Nesi akasema taratibu. "Eti, bado inamwenea?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikumbuka sauti ya yule dada kwenye simu akisema, "Anapumua kwa shida." Nikaenda kuchukua daftari langu la vipimo. Kila ninayemshonea, nimemwandika humo. Nikamsomea mume wangu ukurasa wake. Kiuno, inchi thelathini na nne. Halafu thelathini na sita. Halafu thelathini na tisa. Halafu arobaini na tatu.

Alichukua daftari akaangalia mwenyewe. Kisha akageuza kiuno cha suruali ndani nje, akaona kipande nilichotia pembeni. Akakigusa kwa kidole.

"Wenzangu wote suruali zikiwabana wanajua," akasema. "Mimi nimekuwa nikidanganywa na mke wangu kwa uzi na sindano."

"Sikutaka ujisikie vibaya."

"Najua. Lakini ni mwili wangu, Mama Mapacha."

Kwa siku tatu alizungumza nami kupitia watoto. "Mwambieni mama yenu chumvi imekwisha." Na mimi nimekaa hapohapo, mkono wangu uko kwenye kopo la chumvi. Sikumlaumu. Nilistahili.

Majibu ya zahanati yalikuja. Sukari haikuwa imefika kwenye ugonjwa, lakini ilikuwa njiani. Alipewa dawa ya presha, akaambiwa asiiache bila kumwuliza daktari. Nesi alipita nyumbani kutueleza zaidi.

"Mama Mapacha, lete uzi," akasema. "Mpime shemeji kutoka utosini mpaka kwenye kisigino."

Nikapima, nikakata.

"Sasa ukunje katikati. Uzungushe kiunoni, usawa wa kitovu, bila kubana."

Nilizungusha. Ncha za uzi hazikukutana. Palibaki nafasi ya kiganja kizima.

"Hicho ni kipimo rahisi kwa mtu mzima," Nesi akasema. "Kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu wako. Mafuta yanayokaa tumboni ndiyo yanayosumbua zaidi. Yanapandisha presha, yanaleta kisukari, yanachosha moyo. Lakini shemeji, hata ukipunguza kidogo tu, mwili unapata nafuu. Si lazima urudi ulivyokuwa kijana."

Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa na haraka. Kicheko cha wenzake kilikuwa bado kinamlia masikioni. Kesho yake akaanza kujinyima. Asubuhi chai tupu. Mchana hali kitu. Jioni vijiko vitatu, anasukuma sahani. Wiki ya kwanza alipungua, akatamba. Wiki ya pili akawa mkali, hata pacha wakawa wanatembea kwa vidole. Wiki ya tatu, alishikwa na kizunguzungu akipanda ngazi, akakaa chini kwenye ghorofa ya pili, jasho linamtoka. Nilimwona kupitia dirisha langu. Nilikimbia bila viatu.

Jioni ileile nilimkuta jikoni anakula mkate mzima kwa maziwa, amesimama. Aliponiona aliona haya. Mimi nilimwonea huruma. Nilimvutia kiti.

Nesi aliposikia, hakumfokea. Alikaa naye mezani.

"Shemeji, kujinyima chakula si njia. Mwili una njaa, utadai chake, na utadai zaidi. Hebu niambie, unapunguza uzito kwa sababu gani?"

"Wenzangu walinicheka."

"Hiyo ni sababu ya wenzako. Wakiacha kucheka, utaendelea?"

Mume wangu akafikiri. "Msimamizi kanipa mpaka mwisho wa mwaka."

"Hiyo ni ya msimamizi. Mwaka ukiisha?"

"Daktari amesema."

"Hiyo ni ya daktari, na ni nzuri. Lakini daktari hayupo hapa unapokuwa na njaa jikoni." Nesi akacheka kidogo. "Nimewaona wengi zahanati. Wanaoendelea ni wenye sababu yao wenyewe. Yuko mama aliyetaka kuchuchumaa alime bustani yake. Yuko mzee aliyetaka kufunga kamba za viatu bila kushika pumzi. Si lazima iwe sababu kubwa. Si lazima uniambie. Itafute tu, uikumbuke kila unapokaa kula."

Mume wangu akasema, "Ninayo."

"Ipi?" nikauliza upesi.

"Nesi amesema si lazima niseme."

Basi nilibaki na hamu yangu kooni.

Tulianza upya, safari hii wote wanne. Nesi alituonyesha sahani. Nusu iwe mboga. Robo iwe maharage, samaki au yai. Robo iliyobaki ndiyo iwe wali au viazi. Soda tuliiacha, tukanywa maji. Chai tulipunguza sukari kijiko kimojakimoja, kila wiki, mpaka ulimi ukazoea. Viazi vya kukaanga tukawa tunavichemsha. Hakuna aliyelala na njaa.

Mimi nilikuwa na somo langu peke yangu, na lilikuwa gumu. Lilikuwa kuuliza, "Umeshiba?" na kuamini jibu. Mara ya kwanza aliposema ndiyo, mkono wangu ulikuwa umeshaenda na upawa. Aliutazama upawa, akanitazama. Niliurudisha sufuriani.

Jioni tulitembea. Mwanzoni dakika kumi, mpaka duka la dawa na kurudi. Baadaye nusu saa, tunauzunguka mtaa mzima. Mimi nakaa kwenye kiti kutwa, mgongo unaniuma, kwa hiyo nilijiunga. Wiki mbili baadaye niliacha kujikanda kiuno kila nikiinuka. Hiyo ikawa sababu yangu. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Usidhani mambo yalinyooka. Mwezi wa sita shangazi yake alikuja kukaa wiki tatu. Alimtazama akapiga makofi ya masikitiko. "Mbona mwanetu amekwisha hivi? Hapikiwi?" Maneno yale yalinichoma. Nilipika kama zamani, naye akala kama zamani, maana hakutaka shangazi anione mbaya. Uzito ulirudi nusu. Nilimwendea Nesi nikiwa nimekata tamaa.

"Wiki tatu hazifuti miezi minne," akaniambia. "Leo jioni mtatembea?"

"Tutatembea."

"Basi hamjashindwa."

Mwisho wa mwaka kiuno chake kilikuwa inchi thelathini na nane. Uzi bado haukukutana, lakini nafasi ilikuwa ya vidole viwili. Presha ilishuka, na daktari akampunguzia dawa. Msimamizi alimpeleka kwenye tangi, akasimama kando na kutazama. Mume wangu akatanguliza miguu, akajishusha, akapita. Alifanya kazi humo ndani mpaka saa sita. Tangu siku hiyo amerudi kwenye kazi yake, na stoo imepata mtu mwingine.

Jioni hiyo nilidhani atasema, "Leo tupumzike." Nilikuwa tayari kukubali. Lakini alivaa viatu vyake vya kutembea, akanisubiri mlangoni. Tuliuzunguka mtaa, tukarudi, tukakaa kwenye ngazi za jengo.

"Kazi umeipata," nikamwambia. "Wenzako hawakucheki. Sasa unatembea kwa nini? Niambie hiyo sababu yako. Nimevumilia vya kutosha."

Alitazama barabara kidogo.

"Nataka wewe utangulie," akasema.

"Nitangulie wapi?"

"Kufa."

Nilisimama. "Baba Mapacha, yaani unaniombea kifo?"

"Kaa chini kwanza. Utangulie ukiwa na miaka tisini. Mimi nitakuwa na tisini na tatu." Alinivuta mkono nikakaa. "Nikienda kazi ya siku mbili tu, unalala na taa, na pacha wote wawili unawabana kitandani. Siku ile nilipokwama pumzi ilikuwa imebana kweli. Nikafikiri, nikifa hapa, mwanamke huyu nani atakaa naye? Sikuogopa kufa. Niliogopa wewe kubaki peke yako kwenye nyumba ile. Kwa hiyo nimeamua, wewe tangulia. Mimi nitabaki nyuma, nifunge milango, nizime taa, halafu nije."

Nililia palepale ngazini, watu wanapita, wananisalimu, na mimi siwezi kuitikia. Miaka tisa nilikuwa nampenda kwa kumlisha. Sikujua kwamba yeye alikuwa akiniwazia mpaka uzee.

Aliningoja nimalize. Kisha akainuka, akaninyooshea mkono.

"Simama," akasema. "Tisini bado mbali. Tuzunguke tena mara moja."