Wanunuzi Kumi na Mmoja wa Ludwika

Jumatano ndiyo siku ya mzigo mpya, na siku hiyo duka la mitumba la kilo pale mtaa wa Bałuty halina tofauti na vita. Saa tatu kamili mlango ulifunguliwa, na wanawake arobaini wa mji wa Łódź, Poland, makoti yamefungwa mpaka shingoni na mifuko mitupu kwapani, wakaingia kwa mpigo mmoja. Jumatano kilo ni zloti themanini. Kila siku bei inashuka, hadi Jumanne inayofuata ambapo unaondoka na gunia kwa bei ya mkate. Lakini nani mwenye akili husubiri Jumanne? Jumanne yanabaki matambara.

Ludwika alikuwa wa tatu kuingia. Mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwembamba, nywele kazifunga kwa kitambaa chekundu, kavaa viatu vya kukimbilia. Mkono wa kushoto ulichambua ndoo, wa kulia ulishika simu. Hakununua kitu kwa sababu ni kizuri, thubutu! Aliandika jina la kitu kwenye simu, kisha akatazama namba mbili tu: vingapi vinauzwa sasa hivi mtandaoni, na vingapi vimeshauzwa ndani ya siku tisini. Vilivyouzwa vikizidi vilivyopo, anachukua. Vikiwa vimejaa na havitoki, anarudisha ndooni hata kama vimeshonwa kwa uzi wa dhahabu.

Alikuwa ameshika sweta la sufu, anapima, alipohisi pumzi ya mtu begani. Akaificha simu kifuani.

"Kaka, macho yako yana kazi gani hapa?"

Mwanamume alirudi nyuma nusu hatua. Mrefu, koti la kahawia lenye viraka vya ngozi viwikoni, na kwenye ukosi wake pini nne zimechomekwa kama za fundi aliyesahau kuzichomoa.

"Nisamehe dada. Nilikuwa natazama sweta."

"Sweta liko mkono wa kushoto. Wewe ulitazama wa kulia."

Akacheka. Alikuwa na cheko zuri, na hilo lilimuudhi Ludwika zaidi.

"Basi nimekamatwa. Naitwa Witold."

"Sikukuuliza jina. Unauza?"

"Hapana. Nafanya kazi za nguo."

"Kazi za nguo gani?"

"Za nguo nguo tu," akasema, akaangalia pembeni.

Unaona? Mtu akiulizwa kazi yake akaangalia pembeni, ana lake jambo. Ludwika alilitia jambo hilo moyoni na kulifungia huko. Mwanamke huyu hakuwahi hata kujiunga na kikundi cha mtandaoni cha wauza mitumba wa mjini, maana aliona ni kichaka cha wezi wa habari. Ukisema leo kitu fulani kinatoka, kesho wote wanacho. Aliyewahi kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ludwika alishaumwa: mchumba wake wa zamani alisoma simu yake usiku mmoja, akaenda kununua mzigo wote ambao Ludwika alikuwa akiuwinda, na hakurudi.

Hata hivyo alikunywa kahawa na Witold siku ile, sijui kwa nini. Yeye mwenyewe hakujua. Alijiambia anampeleleza.

Ikawa mazoea. Kahawa, matembezi ya Jumapili, kisha simu mara tatu kwa siku, na Ludwika akawa Ludka.

"Ludka wangu, umekula?"

"Kwa nini unauliza? Unataka kujua niko wapi?"

"Nataka kujua kama umekula, mpenzi. Mwanamke wewe ungeulizwa saa ungetaka kitambulisho."

"Nimekula. Na niko nyumbani. Na kitu ninachofunga sasa hivi sikuambii."

"Sikuuliza!"

"Ndiyo maana nakushuku. Mtu mwema angeuliza."

Witold alicheka mpaka akakohoa. Nao wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Na kweli kulikuwa na kitu. Mwezi wa pili Ludwika aliokota ndooni aproni ya nailoni, ya buluu yenye vifungo mbele, zile walizovaa akina mama wa viwanda vya nguo enzi za bibi yake. Akapima kwa mazoea tu, akakodoa macho. Zilizopo sokoni: nne. Zilizouzwa: thelathini na moja! Akaitundika mtandaoni, ikaondoka kabla chai haijapoa. Akatafuta nyingine, ikaondoka. Kumi na moja zikaenda kwa wanunuzi kumi na mmoja, na kila mmoja alimwandikia kadi kwa mkono wake: asante Bi Hela, asante Bwana Zenon, asante Bi Marta, vaa kwa afya.

Kisha akasikia kuna mama mmoja wa Zgierz, mji wa jirani, mstaafu wa stoo ya kiwanda kilichofungwa, ana maboksi ya aproni ambazo hazijavaliwa. Mia na themanini. Ludwika alitoa akiba ya miaka miwili, akazichukua zote, akazipanga chumbani hadi usawa wa dirisha, akazishikilia kwanza bei ipande. Hakumwambia Witold. Kwanza kwa sababu hamwambii mtu. Pili kwa sababu wiki ile ile, kwenye siku ya jina lake, ambayo huko husherehekewa kama siku ya kuzaliwa, Witold alisoma kadi aliyoandikiwa na Ludwika, akamshika mikono yote miwili.

"Ludwika, tuoane."

Moyo ulimruka. Mdomo ukasema, "Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Ngoja nikuamini."

Alikuwa anasema kweli. Alimtaka mwanamume yule mpaka usingizi ukampaa, lakini kila alipofumba macho aliona lile jicho likiangalia pembeni. Kama angemwamini, angemkubali siku hiyo hiyo. Asipomwamini, atarudi kulala peke yake, mlango kaufunga kitasa mara mbili.

Jumapili moja Witold alimwalika kwake kula zalewajka, supu ya viazi na unga chachu ambayo watu wa Łódź wanadai mji mwingine wowote haujui kuipika. Ndiyo mara ya kwanza kufika. Ludwika alivaa gauni la kijani lililombana kiunoni na hereni za marehemu bibi. Harufu ya vitunguu saumu ilimpokea ngazini.

"Vua koti, mpenzi, nakoroga isije ikashika chini!" Witold alipaza sauti kutoka jikoni.

Akafungua kabati la ukumbini atundike koti. Ndani hamkuwa na makoti. Mlikuwa na vifurushi, utepe wake wa manjano umezungushwa mara mbili kama anavyozungusha yeye, na juu yake kadi zilizobanwa kwa pini. Asante Bi Hela. Asante Bwana Zenon. Kadi kumi na moja, majina kumi na moja, mwandiko mmoja. Wake mwenyewe.

Alisimama mlangoni mwa jikoni, kadi mkononi.

"Bi Hela ni nani?"

Mwiko ulisimama sufuriani.

"Ludka, ngoja nikueleze."

"Zenon ni nani? Marta wa Pabianice, niliyemwambia avae kwa afya, ni nani?"

"Ni mimi. Wote ni mimi."

"Loh! Kumbe nilikuwa na mteja mmoja mwenye matumbo kumi na moja!"

"Natafuta mavazi ya filamu," Witold alisema haraka, mvuke ukimpanda usoni. "Filamu ya wanawake wa kiwanda cha nguo. Tulihitaji aproni hamsini. Wauzaji wakinusa kuwa ni filamu bei inapanda mara tano, basi tunanunua kwa majina mengi. Mkuu wangu alinikataza kumwambia yeyote. Wenzangu wote wanafanya hivyo."

"Thelathini na moja zilizouzwa. Zilikuwa zako?"

"Karibu zote."

Ludwika alikaa kwenye stuli. Wanunuzi aliowahesabu hawakuwapo. Soko zima lilikuwa mwanamume huyu mmoja na mwiko wake.

"Ulijua ni mimi ninayekuuzia?"

Witold akaangalia pembeni.

"Witold!"

"Mwanzoni hapana. Duka lako la mtandaoni halina jina lako. Nilijua uliponiandikia kadi siku ya jina langu. Mwandiko ule ule."

"Mwezi mzima! Umekula nami mezani na kunicheka chumbani mwezi mzima!"

"Sikukucheka hata siku moja. Hamsini zilikuwa zimetimia, sikununua tena. Nilidhani umeuza zako chache, umepata faida, basi yamekwisha. Lina madhara gani?"

"Nina mia na themanini!"

Rangi ilimtoka usoni. "Mia na... Ludka, kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniambia *wewe*?"

Supu ikashika chini.

"Nitazinunua zote," Witold akasema mwishowe. "Kwa pesa zangu mwenyewe."

"Husikii wewe? Ukizinunua wewe nitajuaje chochote? Nitajuaje kitu kinatakiwa au ni wewe tu umejificha nyuma ya Bi Hela? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nimekiandikia kadi ya asante!"

Akaondoka na koti mkononi. Alilia kwenye tramu waziwazi, na mama mmoja akampa leso bila kuuliza.

Wiki mbili zikapita. Aproni alizitundika mtandaoni, haikutoka hata moja. Simu ya Witold iliita asubuhi, mchana na jioni, naye aliitazama ikiita mpaka inyamaze. Alimkumbuka mpaka alikasirika kwa kumkumbuka. Siku moja ilipoita alijikuta ameshika kitufe cha kupokea, akauvuta mkono kana kwamba amegusa pasi.

Kisha Alhamisi moja adhuhuri, akiwa kwenye makabati ya kutumia vifurushi nje ya duka la vyakula, akamkuta Bi Teofila. Mama wa miaka sitini na tano huyo, kofia ya manyoya, midomo myekundu, malkia wa kile kikundi cha wauza mitumba.

"We mtoto, na wewe yule kichaa wa aproni alikuuma?"

"Kichaa yupi, mama?"

"Huna habari? Ah, wewe si unatuogopa, hujiungi nasi! Soma."

Akamsogezea simu. Ludwika akasoma.

*Naitwa Witold Sarnecki, natafuta mavazi ya filamu. Aproni za nailoni zilizouzwa msimu huu zilinunuliwa na mimi, kwa majina kumi na saba ya uongo, nayaorodhesha hapa chini. Hakuna wanunuzi wengine. Tafadhali msinunue tena kwa kutazama hesabu ile. Kuna mtu ameumia kwa sababu yangu, sitaki awepo wa pili. Bado natafuta viatu vya mbao jozi arobaini. Sasa mnajua ni kwa ajili ya filamu, pangeni bei mnayotaka.*

"Umeona mjinga?" Bi Teofila alicheka hadi kofia ikakaa upande. "Viatu vya mbao tumempandishia mara sita! Nasikia mkuu wake kamtoa kwenye ununuzi, sasa anapiga pasi. Umri wangu wote sijaona mnunuzi anayetangaza shida yake!"

"Aliandika lini?"

"Jumapili ile ya kwanza ya mwezi. Mchana."

Jumapili ile ile. Supu haijapoa. Ludwika aliirudisha simu ile, kisha shaka ikanyanyua kichwa kama kawaida yake. Labda aliandika ili mimi nisome. Akaipindua shaka ile mara mbili. Nisome vipi? Witold alijua fika hayumo kikundini. Alishamtania mara ngapi kwa hilo? Ameandika mahali pekee mjini ambapo Ludwika haoni, na hata katika simu zake zote zile, akiacha ujumbe, hakuwahi kulitaja.

"Mama, hiyo filamu inapigwa studio gani?"

"Unakwenda kumpiga?"

"Sijui bado."

Bi Teofila akamwelekeza, naye hakumpigia Witold simu kumwambia anakwenda. Alitaka kumfuma. Chumba cha mavazi kilikuwa kimejaa mvuke, na wanawake ishirini wa kuigiza wamepanga foleni kwa vilemba na aproni za buluu. Mwisho wa chumba, mbele ya meza ya pasi, alisimama Witold. Naye alivaa aproni, fupi hadi mapajani, vifungo viwili vimegoma kufunga.

Alimwona. Pasi ikabaki hewani.

"Ludka."

"Kumbe filamu ipo kweli."

"Ipo."

"Nimesoma ulichoandika."

Akatahayari hadi masikioni. "Nani kakuonyesha? Sikutaka..."

"Najua hukutaka. Ungetaka nisingekuja." Akasogea hadi kwenye meza ya pasi. "Mimi pia nilikosa. Nilihesabu vilivyouzwa, sikutazama wanunuzi ni wangapi. Na nilikuficha mzigo mkubwa kuliko kitanda changu."

"Bado unazo?"

"Mia na themanini. Usithubutu kunigusia kununua hata moja."

"Sithubutu." Aliweka pasi chini taratibu. Kwenye foleni ya wanawake kila sikio lilisimama. "Nikikuuliza tena lile swali la siku ya jina langu, utasema ningoje?"

Ludwika alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, polepole, kama anavyotazama kitu kwenye ndoo Jumatano.

"Nimeshapima," akasema. "Wanaume warefu wasiojua kudanganya vizuri, wanaounguza supu, wamejaa tele mjini. Hawatoki. Nikikutundika leo, nitakaa nawe mpaka uzeeni."

Uso wa Witold ukanywea. "Kwa hiyo unanirudisha ndooni."

"Kwa hiyo, mjinga wee, sinunui ili niuze."

Ilimchukua muda kuelewa. Wanawake wa foleni walielewa kabla yake, wakapiga vigelegele mpaka fundi wa sauti akaja kuuliza kuna nini.