Nyumba ya Yasmina Haiuziki

Mtaani kwetu Biryogo kote hakuna mwanamke anayetunza siri kama mimi, Nyiramana. Kisa hiki, kwa mfano, nimekifungia kifuani tangu mwaka wa tisini na moja. Sijamwambia mtu, isipokuwa majirani wa pande zote, rafiki zangu wa Remera, na dereva mmoja wa teksi ya Gikondo ambaye hata hakuuliza.

Mzee Twagirayezu, mnunuzi wa kwanza, alisimama katikati ya sebule ya jirani yangu Yasmina, kofia mkononi, akijizungusha kama mtu aliyepotea ndani ya uwanja wa mpira wa Amahoro.

— Mama, vyumba vya kulala viko wapi?

— Umesimama ndani yake, alijibu Yasmina. Fundi amevunja ukuta. Anasema siku hizi wanunuzi wanapenda sebule kubwa.

— Mimi niko na watoto wanane! Niwapange hapa kama viti vya harusi?

Usumani fundi akadakia kutoka dirishani, mwiko mkononi:

— Watapata hewa, mzee!

— Na lile shimo la maji uani?

— Kidimbwi cha samaki.

— Samaki wenyewe wako wapi?

— Watakuja.

Waliokuja ni mbu. Mzee akavaa kofia, akaenda zake.

Yasmina alikuwa mjane. Alitangaza mtaa mzima kwamba anauza nyumba ahamie Bujumbura kwa dada yake Mwajuma, akamwita Usumani airembe ipate mnunuzi upesi. Usumani huyo alikuwa fundi wake wa miaka mingi. Bati likivuja, Usumani. Bawaba ikilia, Usumani. Akimaliza anapewa chai, anaisifu chai, anaishukuru chai, anarudi kwake Gikondo. Kuhusu mwenye chai, kimya! Mimi nilikuwa nachungulia juu ya ua hadi shingo inauma, na hakuna kilichotokea.

Wiki iliyofuata akaja Hajji Ramazani, na huyo alitutia hofu. Sebule kubwa? Akaipenda, ana wageni wengi. Kidimbwi? Atakifukia. Usumani alikuwa anatokwa jasho kivulini.

— Binti, nyumba nimeipenda, alisema Hajji. Nione choo tu, tumalize.

Choo kilikuwa kipya, cha kukalia, vigae vyeupe kutoka chini hadi dirishani. Hajji aliingia, akatoka kabla mlango haujajifunga.

— Astaghfirullah! Nani amejenga hiki?

— Ni fundi huyu. Kuna nini, Hajji?

— Mtu akikaa, uso unatazama kibla! Makka moja kwa moja! Mwislamu gani anakaa chooni hivyo?

— Kigeuzeni basi, nikasema juu ya ua.

— Kigeuke vipi, bibi, na saruji yote ile? Mpaka kubomoa chumba kizima! Sinunui nyumba ili nibomoe. Bora nitafute kiwanja Masaka.

Akaondoka. Yasmina akamgeukia fundi wake.

— Usumani.

— Naam, dada.

— Hukujua?

— Nilikosea. Siku ile nilipopima kulikuwa na mawingu, sikuona jua.

— Mkeka wako wa kuswalia uko wapi?

Mkeka ulikuwa umetundikwa palepale, kwenye ukuta wa choo.

— Adhuhuri unaswali uani kwangu, alasiri unaswali uani kwangu. Uso wako unatazama wapi?

— Huko... kwenye ukuta huo.

— Hata mimi Mkatoliki naijua kibla kwa kukuangalia wewe, sha! nikasema.

— Bibi Nyiramana, tafadhali! Na ukuta wa vyumba, Usumani?

— Makusudi.

— Na kidimbwi?

— Makusudi. Mbu tu ndio sikuwapanga.

— Kwa nini unaniharibia nyumba?

— Ikiuzika utakwenda. Ukienda, mimi nitakunywa chai wapi?

— Chai ipo kila mahali.

— Si chai, Yasmina.

Lile neno "dada" lilikuwa limeanguka njiani, na hakuinama kuliokota.

— Ni wewe. Nilitaka kusema tangu bati la kwanza, mdomo ukakataa. Mikono ikasema.

Yasmina akafunika mdomo kwa mtandio. Asiyemjua angedhani analia.

— Umechelewa, alisema kwa huzuni nzito. Dada yangu amenitayarishia chumba, kitanda, hata chandarua. Kila siku ananipigia simu analia, niende. Nitamwambia nini?

Usumani akainamisha kichwa.

— Basi nitarudisha ukuta. Nitakigeuza choo. Uuze, uende salama.

— Sasa haraka ya nini? akasema Yasmina, mtandio umemtoka mdomoni.

Hapo Niyongabo, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, akapaza sauti:

— Mama Yasmina! Simu! Bujumbura iko kwa laini!

Yasmina akahangaika kutafuta kandambili. Mimi sina haja ya kandambili. Nilifika wa kwanza.

— Haloo, Mwajuma! Kumbe unamngoja dada yako ahamie kwako?

— Ahamie wapi? Kwangu? Bibi, mimi nalala na watoto wanne kitanda kimoja! Hatujaongea na Yasmina tangu Idi iliyopita. Nilitaka kumwambia Idi hii nakuja mimi, anilaze huko!

Nikarudi. Niliwakuta wote wawili wamesimama kando ya kidimbwi. Yasmina alinitazama kwa macho ya kuniomba, lakini siri ya moto namna ile ningeishika na nini?

— Mwajuma anasalimu. Anauliza unahamia kwake lini, na nani amekualika, maana habari hiyo ameipata kwangu sasa hivi.

Usumani akainua kichwa polepole.

— Yasmina. Hukuwa unauza?

— Mtu anakunywa chai miaka yote hasemi neno, ulitaka nifanyeje?

— Ngoja. Siku ya kupima choo, nani alinishikia kamba upande wa pili?

Yasmina akakitazama kidimbwi kana kwamba samaki wamefika.

— Ni mimi.

— Na wewe unaswali mara tano kwa siku. Hukuona tunaelekea wapi?

— Si kulikuwa na mawingu, akasema Yasmina.