Sauti Iliyomwita Bibi Serafina

Kila asubuhi Rhoda alimwogesha mama yake, akamnywesha uji, kisha akamkalisha kwenye kiti cha kamba sebuleni. Baada ya hapo alijitwisha sufuria la wali na kushuka stendi ya Mombo. Hapo ndipo mabasi yaendayo Arusha na Dar es Salaam husimama ili abiria wapate chochote. Rhoda alikuwa na kibanda cha chakula kando ya barabara kuu. Kutoka nyumbani hadi kibandani ni mwendo wa dakika kumi.

Mama yake aliitwa Bibi Serafina. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Miguu yake bado ilikuwa na nguvu, lakini kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Siku nyingine aliweka sufuria tupu motoni. Siku nyingine aliuliza kwa nini mumewe, Mzee Mhina, amechelewa kurudi shambani. Mzee Mhina alikuwa amefariki miaka saba iliyopita. Rhoda alilazimika kumwambia upya, na bibi alilia upya.

Ndiyo maana Benedicto, kaka yake Rhoda aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alituma kamera. Ilikuwa ndogo, nyeupe, ina jicho moja jeusi na shingo inayozunguka. Fundi Mustafa, jirani yao, aliifunga juu ya kabati la vyombo na kuiunganisha na waifai ya nyumbani.

"Ukiwa kibandani unafungua simu, unamwona mama," Mustafa alimweleza. "Unaweza kuigeuza hivi, ikatazama mlangoni au jikoni. Ukitaka kusema naye, bonyeza hapa. Atakusikia."

"Na namba ya siri?"

"Imekuja nayo kutoka kiwandani. Moja mpaka sita. Rahisi, hutaisahau."

Rhoda alifurahi. Kwa wiki mbili alifanya kazi moyo ukiwa umetulia. Alipakua wali, akachungulia simu, akamwona mama yake anasinzia kitini. Akaendelea kupakua.

Wiki ya tatu, jambo la ajabu lilianza.

Siku ya kwanza Rhoda alifungua simu akaona ukuta. Kamera ilikuwa imegeuka. Ilikuwa inatazama picha ya marehemu baba yake, iliyotundikwa juu ya mlango wa chumbani. Rhoda alidhani ameigusa kwa bahati mbaya. Akairudisha kwa mama. Baada ya muda mfupi, shingo ya kamera ikazunguka tena polepole, yenyewe, ikarudi kwenye picha.

Jioni ile Bibi Serafina hakutaka kula.

"Nimeshiba maneno," alisema. "Nimeongea na baba yenu mchana kutwa."

"Mama, baba alifariki."

"Najua alifariki. Leo kaja kuongea."

Rhoda alijua ugonjwa wa kusahau huleta mambo. Lakini kesho yake bibi alimwambia kitu ambacho ugonjwa haungeweza kumwambia.

"Baba yenu anasema shati lako la kijani limechanika kwapani. Ulishone."

Rhoda alishika kwapa lake. Mshono ulikuwa umefumuka asubuhi hiyo alipokuwa anavaa kanga sebuleni. Bibi alikuwa chooni wakati huo. Ndani hakukuwa na mtu mwingine.

Usiku huo hakulala vizuri. Asubuhi alimpigia simu shangazi yake, Grace, aliyeko Lutindi. Shangazi alisema bila kusita, "Mhina hajaridhika. Tukae kama ukoo, tufanye tambiko." Rhoda alikubali wakae, ila moyo wake haukukubali. Baba yake alikuwa mtu mpole. Angekuja kutazama makwapa ya binti yake kwa nini?

Alhamisi, saa sita mchana, mabasi matatu yalisimama kwa pamoja. Rhoda alikuwa na sahani mikononi alipofungua simu. Alimwona mama yake ameketi wima, uso umeelekea kamera kama mtu anayesikiliza mgeni. Rhoda alifungua sauti ya simu, akaisogeza sikioni.

Alisikia sauti ya mwanamume. Ilikuwa ya chini na taratibu, yenye mkwaruzo kidogo, kama inatoka ndani ya debe.

"Serafina," ilisema. "Serafina, unanisikia?"

"Nakusikia," bibi alijibu. "Ni wewe, Mhina?"

Pakawa kimya. Kisha sauti ikajibu, "Ndiyo. Ni mimi."

Sahani ilimponyoka Rhoda.

"Simama, Serafina. Fungua mlango. Njoo barabarani, nakusubiri."

Bibi Serafina alisimama. Alijifunga kanga yake vizuri, akazilaza nywele kwa mkono, kama msichana anayekwenda kuonwa. Akaelekea mlangoni. Jicho la kamera lilimfuata mpaka alipotoka.

Rhoda alibonyeza kitufe cha kuongea. "Mama! Rudi ndani! Mama!" Nyumba ilikuwa tupu. Badala ya mama yake, alijibiwa na sauti ile. Haikusema neno. Ilicheka tu, kidogo, kisha ikanyamaza.

Rhoda alikimbia, aproni kiunoni na kijiko cha kupakulia mkononi. Alimkuta mama yake amesimama ukingoni mwa lami. Malori yalikuwa yanapita na upepo wake unampeperusha kanga. Bibi alikuwa anatazama ng'ambo, ameinua mguu mmoja. Rhoda alimvuta kwa nyuma, wote wawili wakaanguka kwenye changarawe. Lori la mkonge lilipita likipiga honi ndefu.

"Umenichelewesha," bibi alisema. "Ananisubiri."

Rhoda alitazama ng'ambo ya barabara. Hapakuwa na mtu.

Alipokuwa anampangusa mama yake vumbi, Rhoda alikumbuka jambo. Wiki iliyopita binti mmoja alikula kibandani kwake. Alijitambulisha kwa jina la Asnath. Alisema anasoma chuo kikuu, anafanya utafiti, na akauliza, "Mama, nyumbani una kamera?" Rhoda alimfukuza kwa maneno makali. Sasa hasira ilimpanda. Alimwacha mama yake kwa mke wa Mustafa, akaenda moja kwa moja ofisi ya kata, alikosikia binti huyo anafanyia kazi.

Asnath alikuwa ameketi mezani na kompyuta yake. Alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke! Unamfanya nini mama yangu? Nani yule unayemtuma aseme kwenye kamera?"

Asnath hakukasirika. Alimpa kiti, akamwomba aeleze tangu mwanzo. Kadiri Rhoda alivyoeleza, ndivyo uso wa binti yule ulivyobadilika.

"Mama, pole sana," alisema. "Si mimi, na si marehemu baba. Huyo ni mtu aliye hai. Yuko mahali fulani na simu au kompyuta, kama wewe na mimi. Utafiti wangu ni juu ya jambo hilihili."

"Ameingiaje? Mlango wangu una kufuli."

"Nyumba yenye intaneti ina mlango mwingine usioonekana. Kamera ikiunganishwa, inapata namba yake mtandaoni, kama nyumba inavyopata namba. Wapo watu wanaotumia programu kupita namba hizo moja baada ya nyingine, kugonga kila mlango. Wakikuta kamera, wanajaribu nenosiri la kiwandani. La kwako ni lipi?"

"Moja mpaka sita."

"Basi ndilo la kwanza wanalojaribu. Maelfu ya kamera yametoka kiwandani na nenosiri hilo. Ni kama kiwanda cha makufuli kimetengeneza ufunguo mmoja kwa makufuli yote."

"Na wewe unapita kugonga milango hiyohiyo?"

"Natazama iliyo wazi, naihesabu, siingii," Asnath alijibu. "Sheria ya utafiti wetu hainiruhusu kuingia bila ruhusa ya mwenye nyumba. Barua yangu ya kibali iko kwa mtendaji, unaweza kuisoma. Niliona hapa Mombo kuna kamera tisa ambazo ziko wazi. Mtandao hauniambii ni nyumba ya nani. Ndiyo maana nilikuwa nauliza watu."

Rhoda aliinamisha kichwa. Alikumbuka alivyomfukuza.

Walikwenda nyumbani pamoja, wakampitia Fundi Mustafa. Sebuleni kamera ilikuwa inatazama kiti kitupu cha bibi.

"Unaniruhusu niingie kwenye kamera yako, mara moja tu, ili uone?" Asnath aliuliza.

"Nakuruhusu."

Asnath hakutumia waifai ya nyumba. Alitumia bando la simu yake mwenyewe, kama mtu aliye mbali. Aliandika moja mpaka sita. Kufumba na kufumbua, sebule ya Rhoda ilitokea kwenye kioo cha simu ya mgeni. Rhoda alijiona mgongo wake mwenyewe, kanga yake, na ule mshono uliofumuka kwapani. Alihisi kama mtu amempulizia shingoni.

"Kwa hiyo alikuwa ananiona hivi," alinong'ona.

"Na kukusikia. Ina kipaza sauti. Jina la mama, jina la baba, yote ameyasikia humuhumu ndani mlipokuwa mnaongea."

Hapo kamera ililia: krrr. Shingo ikaanza kuzunguka.

"Fundi, usiiguse," Rhoda alisema.

"Sijaigusa," Mustafa alijibu. Mikono yake ilikuwa mfukoni.

Asnath aliinua simu yake juu. Kidole chake hakikuwa kwenye kioo. Jicho jeusi liliacha kiti, likapita ukutani, likasimama mbele yao watatu. Likatulia.

"Yupo," Asnath alisema kwa sauti ndogo. "Yupo ndani sasa hivi."

Rhoda alitamani kukimbia. Badala yake alisogea mpaka uso wake ukawa karibu na lile jicho.

"Mimi ni binti wa Mhina," alisema. "Wewe sijui ni nani. Lakini baba yangu si wewe."

Rhoda akanyoosha mkono kung'oa waya. Asnath akamzuia kidogo.

"Subiri, mama. Tupate ushahidi kwanza."

Alifungua ukurasa wa kamera unaoonyesha nani ameingia na saa ngapi, akaupiga picha. Kifaa kimoja kisichojulikana kilikuwa kimeingia mara arobaini na tatu. Kisha akaikata kamera kwenye waifai. Jicho likabaki limekodoa, lakini halikusogea tena.

Mustafa aliketi sakafuni. "Mimi ndiye niliyemwachia mlango wazi," alisema. "Nilidhani kazi ya fundi ni kamera iwake tu."

"Basi leo tujifunze kuifunga," Asnath alimjibu.

Akawaonyesha, na Mustafa akafanya kwa mikono yake. Kwanza alibonyeza kitundu kidogo chini ya kamera mpaka ikasahau kila kitu na kuwa kama mpya. Kisha akaweka programu mpya ya mtengenezaji, kwa sababu programu ya zamani huwa na nyufa ambazo wezi wanazijua. Ilipofika zamu ya nenosiri, Asnath aligeuka ukutani.

"Liandike mwenyewe, mama. Hata mimi nisilione. Unganisha maneno manne yasiyohusiana, yasiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Na usilitumie mahali pengine."

Rhoda alifikiri, akaandika. Wakawasha pia ulinzi wa hatua mbili. Yaani hata mtu akijua nenosiri, kamera haifunguki mpaka aandike namba inayokuja kwenye simu ya Rhoda. Mwisho wakabadilisha nenosiri la waifai yenyewe, maana nalo lilikuwa la kiwandani.

"Na kamera tuihamishe," Rhoda alisema. "Itazame mlango wa nje tu. Humu ndani tunavaa, tunalia, tunasali. Sitaki jicho humu."

Kesho yake walipeleka ushahidi polisi. Askari aliandika maelezo na kuwapa namba ya jalada. Alisema wazi kwamba mtu huyo anaweza kuwa popote, Segera au ng'ambo ya bahari, na kumpata kutachukua muda. Mpaka leo hajapatikana. Lakini Mustafa hakusubiri. Alizunguka kila nyumba na kila duka alilofunga kamera, akaomba radhi, akabadilisha nenosiri mbele ya mwenyewe. Baada ya wiki mbili Asnath alihesabu tena milango iliyo wazi Mombo. Hakukuta hata mmoja.

Shangazi Grace alipopewa habari alicheka kwa aibu, kisha akauliza kama simu yake nayo ina nenosiri la kiwandani.

Jambo moja lilibaki, nalo Rhoda alikuwa analiogopa. Jumapili, baada ya ibada, alikaa miguuni pa mama yake.

"Mama, ile sauti haitarudi. Alikuwa mtu mwovu. Hakuwa baba."

Alisubiri kilio. Bibi Serafina alimtazama kwa macho maangavu, kama ya zamani.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Nilimsalimia kwa Kishambaa. Hakuitika. Mhina angekosaje Kishambaa, mwanangu? Miaka hamsini hatukusema lugha nyingine chumbani."

"Sasa kwa nini ulikuwa unamjibu? Kwa nini ulimfuata?"

Bibi alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Unaondoka asubuhi," alisema. "Siku ni ndefu. Yule alikuwa anaongea na mimi."

Rhoda aliweka kichwa kwenye magoti ya mama yake, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Jumatatu alifunga mlango kwa kufuli, akachukua sufuria kichwani, na mkono mmoja akamshika mama yake. Walitembea polepole. Badala ya dakika kumi walitumia nusu saa. Kibandani, upande wa ndani mbali na barabara, Rhoda alimwekea kiti na bakuli la vitunguu saumu vya kumenya.

Basi la kwanza lilisimama. Mama mmoja aliyetoka Lushoto alishuka, akaagiza wali, akamwona bibi. Akamsalimia kwa Kishambaa.

Bibi Serafina aliitika. Akamsogezea benchi, akamuuliza ametoka kwa nani, kama watoto hawajambo, na kama mvua huko juu imenyesha. Dereva alipiga honi mara mbili kabla mazungumzo yale hayajaisha.