Gurudumu Kwenye Kona Saba

Kila asubuhi ya likizo, kabla hata chai haijachemka, Chapu alikuwa na kazi moja ambayo hakuipenda: kusugua gurudumu la mama yake. Lilikuwa gurudumu moja tu, jembamba, lenye mpini mrefu kama wa fagio na kisanduku kidogo cha namba ubavuni. Ukilisukuma likazunguka mara moja, kisanduku kinalia "tik" na namba inapanda: mita moja. Tope la jana likikaukia kwenye mpira wake, gurudumu linanenepa, na gurudumu lililonenepa linasema uongo. Ndivyo mama alivyomfundisha, kwa hiyo Chapu alisugua kwa brashi kuukuu ya viatu, huku midomo imemvimba kwa kununa.

Shuleni alikuwa na jina lingine, lakini nyumbani na mtaani wote walimwita Chapu, kwa kuwa tangu utotoni alitaka kila kitu kiishe chapuchapu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa mpima njia wa ofisi ya misitu. Mwaka ule ofisi ilikuwa ikipima njia ndefu ya miguu inayokatiza msitu mzima, safari ya siku kumi na moja kwa mtu mwenye miguu mizuri. Mama alipewa kipande cha nne, kuanzia lango la chini mpaka banda la mapumziko juu ya kilima. Kila baada ya mita mia tano ingesimikwa nguzo yenye namba, ili mtu akipatwa na jambo huko porini apige simu, ataje nguzo iliyo karibu naye, na waokoaji wamwendee moja kwa moja.

"Leo wewe utasukuma," mama alisema akifunga kamba za viatu. "Mimi nitaandika madaraja, chemchemi na miti iliyoanguka. Gari la ofisi litatuchukua kwenye banda."

"Saa ngapi, mama? Saa kumi nina mazoezi ya mpira wa wavu."

"Msitu ndio utakaotuambia."

Hilo si jibu, Chapu alinung'unika, ila kimoyomoyo.

Msitu haukuwa na haraka hata kidogo. Mvua ya juzi ilikuwa imeiacha njia ikiteleza kama sabuni. Mizizi ilijitokeza ardhini, na gurudumu liliruka kila lilipoikuta. Na kanuni ya mama ilikuwa moja: gurudumu likiruka, unarudi mpaka kwenye utepe wa mwisho ambao mama ameufunga mtini kuonyesha kipimo kilipofika, unalizungusha kwa mkono kinyumenyume hadi namba irejee ilipokuwa, kisha unaanza upya. Mara ya kwanza Chapu alirudi bila neno. Mara ya pili alipiga teke jiwe akaumia kidole. Mara ya tatu siafu walikuwa wameshaingia kwenye soksi. Mara ya nne alisimama katikati ya njia, jasho likimwingia machoni, akahisi machozi yako karibu.

"Mama, mita moja ikipungua itamdhuru nani?"

"Mita moja haiji peke yake. Huja na ndugu zake. Rudi."

Walipofika kwenye daraja la magogo, kisanduku kilisoma elfu tano mia moja na ishirini. Mama aliinama, akagonga gogo moja kwa kisigino, likatoa sauti ya kitu kilichooza. "Hapa nitakawia," alisema. "Ninataka kukagua kila gogo. Wewe tangulia mpaka juu ya mlima, pole pole, unisubiri."

Mbele ya daraja njia ilipanda mlima kwa kona saba. Ilikwenda mbali kushoto, ikageuka, ikaenda mbali kulia, ikageuka tena, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Chapu aliitazama, akasonya. Katikati, wapita njia wavivu walikuwa wameshachimba kwa miguu yao kijia cha kupanda moja kwa moja. Aliangalia nyuma. Mama alikuwa amechuchumaa, mgongo kwake. Chapu akaliweka gurudumu begani, akapanda kijia kile akishika vichaka, na kabla hajavuta pumzi vizuri alikuwa juu.

Hapo ndipo alipogundua kwamba kisanduku bado kinasoma elfu tano mia moja na ishirini. Mama angeona. Chapu aliinua gurudumu hewani, akaanza kulizungusha kwa mkono. Tik, tik, tik. Alizungusha mpaka mia mbili, kiganja kikaanza kuwaka moto, na aliposikia hatua za mama kwenye kona za mwisho alilishusha na kukaa juu ya jiwe.

"Umefika mapema," mama alisema, akihema.

"Nilisukuma mbio."

"Na halikuruka?"

"Halikuruka."

Mama alimpapasa kichwa. "Ukiamua, mwanangu, unaweza." Chapu akainama na kujifanya anafunga kamba za viatu.

Mpaka bandani, kisanduku kilisoma elfu nane mia tatu ishirini na nane. Gari liliwafikisha mjini saa kumi kasorobo. Chapu alikimbia hadi uwanjani, akawakuta wenzake wamekaa chini: wavu ulikuwa umechanika, mazoezi yameahirishwa. Alirudi nyumbani akiburuta miguu.

Sasa, ofisi ile haikukubali kipimo cha mtu mmoja. Kila kipande kilipimwa mara mbili, na mtu wa pili alianzia upande wa pili. Mtu wa pili alikuwa mzee mmoja mfyekaji wa njia, aliyekifyeka kipande hicho kwa miaka ishirini na mmoja. Watu walimwita Mzee Mabuti, kwa kuwa jua liwake, mvua inyeshe, yeye alikuwa ndani ya mabuti yake ya mpira.

Siku ya pili jioni alikuja nyumbani na karatasi yake. Chapu alimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikiwa, "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha mama aliisoma karatasi na kukunja uso.

"Elfu nane mia tisa na arobaini? Mzee wangu, tumepishana mita mia sita na kumi na mbili. Ofisi inaruhusu kumi."

"Basi mmoja wetu amelala njiani," Mzee Mabuti alisema.

Mama alimgeukia Chapu. "Ulifuata njia yenyewe, kona zote?"

"Ndiyo, mama."

Mama aliamini. Alimwambia mzee, kwa adabu lakini kwa sauti kavu, kwamba huenda gurudumu lake limechakaa. Kesho apime tena kwa gurudumu la mama. Mzee Mabuti alilichukua gurudumu hilo, akaondoka, na namna alivyofunga mlango taratibu ilionyesha jinsi alivyokerwa.

Kesho yake asubuhi, rafiki yake Chapu, nahodha wa timu, alikuja kumwambia kwamba wavu umeshonwa na kesho kutwa kuna mechi na mtaa wa pili. Chapu akamnong'oneza habari yote.

"Kwani nani atajua?" nahodha alicheka. "Miti ina mdomo?"

"Lakini mzee amerudishwa mlimani."

"Si kazi yake? Wewe nyamaza tu."

Chapu alinyamaza, lakini siku nzima hakuwa na raha. Alifua sare yake mara mbili bila kukumbuka kama alishaifua. Kila alipotazama nje aliona mawingu yakijikusanya juu ya msitu, na saa nane mvua ikanyesha.

Mzee Mabuti aliingia saa kumi na moja jioni, ameloa, anachechemea. Alikuwa ameteleza karibu na daraja. Mama alimkalisha barazani na kumwita Chapu alete beseni la maji baridi na kitambaa. Mzee alivua buti la kulia kwa shida, akakunja suruali. Goti lilikuwa limevimba kama papai.

"Elfu nane mia tisa arobaini na moja," alisema, akimpa mama karatasi. "Kwa gurudumu lako, mama. Sasa sema na hili limechakaa."

Mama alisoma karatasi. Alichukua utepe wa kupimia, akaunyoosha kwenye sakafu ya korido kutoka mlango hadi mlango, akasukuma gurudumu juu yake. Lilikuwa sawasawa. Akarudia. Sawasawa. Alikaa mezani, akashika kichwa.

"Basi ni mimi," alisema. "Pale darajani nilikawia sana, labda nilikosea kuandika. Mzee wangu, nimekutesa bure. Nisamehe. Fundi wa nguzo anakuja Jumatatu na mimi sina hata namba moja ninayoiamini."

Alifungua daftari la ripoti. Chapu, akiwa ameinama anakamua kitambaa, aliona kalamu ikiandika polepole: "Kosa la kipimo cha kwanza ni langu." Mama alikuwa na miaka tisa katika kazi ile na hajawahi kuandika sentensi kama hiyo.

"Mama, usiandike hivyo," Chapu alisema. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Niandike vipi?"

"Mwenye kosa ni mimi. Nilikata kona."

Kalamu ikasimama. Mzee Mabuti aliweka kikombe chini.

"Kona ngapi?" mama aliuliza.

"Zote saba. Nilibeba gurudumu begani. Halafu nikalizungusha kwa mkono, mara mia mbili. Nilikuwa nimechoka kurudi rudi, na nilitaka kuwahi mazoezi."

Chapu alingoja kofi au kelele. Havikuja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mama alimtazama tu, uso umemchoka.

"Jana nilikuuliza hapa hapa, ukasema umefuata kona zote."

"Ndiyo."

"Na leo huyu amepanda mlima kwa sababu ya 'ndiyo' yako. Usiniangalie mimi. Mwangalie yeye."

Chapu alipiga magoti kando ya beseni. "Nisamehe, babu."

Mzee Mabuti alivuta pumzi, akaligusa goti lake. "Goti halijui kusamehe, mjukuu wangu. Litauma mpaka lenyewe lichoke. Lakini mimi nimekusamehe. Ila kupima kona zile nataka nikuone kwa macho yangu, na maji yangu utanibebea wewe."

Wakangoja goti lipungue. Kesho kutwa yake asubuhi, siku ile ile ya mechi, gari la ofisi liliwashusha kwenye barabara ya malori ya kubeba magogo inayopita karibu na daraja. Hakuna aliyemkataza Chapu kucheza. Yeye mwenyewe alikwenda kwa nahodha jioni ya kabla yake na kumwambia atafute mchezaji mwingine. Nahodha alimwita msaliti, na kweli hawakusemeshana kwa wiki moja.

Alisukuma gurudumu kona kwa kona, nyuma yake Mzee Mabuti akitembelea fimbo. Kwenye kona ya tatu gurudumu liliruka juu ya mzizi. Chapu alisimama, akafumba macho kwa hasira, kisha akarudi mwanzo bila kuambiwa. Kwenye kona ya sita likaruka tena. Akarudi tena. Ilichukua saa moja na nusu, na mgongo wake ulikuwa unapasuka alipofika juu.

"Mia nane na kumi na moja," alisoma.

Mama aliondoa zile mia mbili za uongo, akajumlisha hizi za kweli, na namba yao ikatofautiana na ile ya kwanza ya Mzee Mabuti kwa mita moja.

"Mita moja ni ya mizizi," mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu juzi akatabasamu.

Mzee Mabuti alijikongoja hadi kwenye jiwe, akaketi. "Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Miaka yote nilidhani ni methali tu. Kumbe inapimika. Imepungua mita mia sita na ushei."

Chapu alicheka bila kutaka. Lakini kazi haikuwa imekwisha: tepe zote kuanzia pale mpaka bandani zilikuwa zimefungwa mahali pasipo pake. Alizifungua moja moja na kuzifunga upya kwenye miti sahihi, mpaka jua likaanza kuteremka. Kwenye utepe wa mwisho mama alimpa daftari.

"Andika wewe. Namba, na jina la aliyepima."

"Na zile mia mbili nilizozungusha?"

"Na zenyewe, na sababu yake."

Chapu alisita, kalamu hewani. "Ofisini watasoma, mama. Watanionaje?"

"Watakuona ni mtu aliyekosea akasema," mama alijibu. "Sikiliza. Siku moja mtu atavunjika mguu kwenye njia hii, mvua inanyesha, na atataja namba ya nguzo kwa simu. Atakayemfuata hana kitu kingine cha kushika ila neno letu. Kuchoka si kosa. Ungeniambia umechoka, tungepumzika. Kosa lilikuwa kulizungusha gurudumu, na kosa kubwa zaidi lilikuwa kunyamaza huku mwenzako analipa. Ukificha namba moja ya uongo, zote zilizobaki haziaminiki tena. Ukiitoa hadharani, zilizobaki zinasimama."

Chapu aliliweka daftari juu ya goti, akaandika yote kwa mwandiko wake bora, mstari kwa mstari. Mama alisoma, akarekebisha herufi moja, akatia sahihi chini yake.